Je, wajua kwa nini meza za vituo vya skii hujaa vyakula vya shambani katikati ya theluji?

Mwezi Januari, katika vituo vya skii vya milima ya Alpi, ambako watu huja kwa mchezo wa kuteleza, theluji inaweza kumfika mtu mzima kifuani. Hakuna jani linaloota. Hata hivyo ukiingia kwenye mkahawa wa mlimani huko Savoie nchini Ufaransa, Valais nchini Uswisi au Südtirol kaskazini mwa Italia, utawekewa jibini, nyama kavu, supu ya shayiri na mkate mweusi, na mwenye nyumba atakwambia vimetoka shambani kwake au kwa jirani yake. Anawezaje, ilhali shamba lenyewe halionekani?

Shamba lipo hapohapo, chini ya theluji unayoteleza juu yake. Miteremko mingi ya skii ya Alpi ni malisho ya ng'ombe wakati wa majira ya joto. Mwezi Mei au Juni, theluji ikishayeyuka, wafugaji hupandisha mifugo taratibu kuelekea juu wakifuata majani mabichi. Huko hukaa hadi Septemba au Oktoba, kisha ng'ombe hurudi bondeni wamevishwa maua na kengele kubwa shingoni, na kijiji kizima hutoka kuwapokea. Mwaka 2019 UNESCO iliuingiza uhamishaji huu wa mifugo kwenye orodha ya urithi wa binadamu kwa niaba ya Austria, Italia na Ugiriki, na mwaka 2023 nchi nyingine kadhaa zikaongezwa.

Sasa fikiria shida ya mfugaji aliyeko mita 2,000 juu ya usawa wa bahari mwezi Julai, enzi ambazo hapakuwa na barabara wala jokofu. Ng'ombe wanakamuliwa asubuhi na jioni, na maziwa hayawezi kufika bondeni kabla ya kuchacha. Njia pekee ni kuyapunguza ujazo na kuyafanya yadumu, yaani kuyageuza jibini. Lita 10 hivi za maziwa hutoa kilo 1 ya jibini gumu. Kwa hiyo jibini moja la duara la Beaufort, fahari ya Savoie, lenye uzito wa kilo 40 hivi, limebeba ndani yake lita 400 za maziwa.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu. Maziwa hupashwa moto ndani ya sufuria kubwa la shaba, kisha hutiwa kigandisho kinachotoka kwenye tumbo la ndama. Yakishaganda hukatwakatwa hadi yawe chembe ndogo, halafu moto huongezwa mpaka yapite nyuzi joto 50. Hapo mtengenezaji huuma ncha mbili za kitambaa kwa meno, ukingo wa pili akiwa ameuzungushia kipande chembamba cha chuma kinachopindika. Huinama juu ya sufuria, akapitisha chuma hicho chini kabisa, akainua mgando wote kwa mkupuo mmoja huku maji yakichuruzika. Mgando huo hushindiliwa ndani ya pete ya mbao ambayo huliacha jibini likiwa limebonyea ubavuni. Ubonyeo huo ulikuwa na kazi yake: kamba ilikaa humo vizuri jibini lilipofungwa mgongoni mwa nyumbu kuteremshwa bondeni.

Yale maji yaliyobaki hayakumwagwa. Walinyweshwa nguruwe, nao walichinjwa baridi ilipoanza, wakati ambapo nyama haiozi upesi. Huko Südtirol paja la nguruwe hupakwa chumvi na viungo, hupitishwa kwenye moshi kidogo, kisha huachwa likaushwe na hewa ya mlimani kwa miezi kadhaa, na hiyo ndiyo speck. Ng'ambo, katika jimbo la Graubünden nchini Uswisi, wao hukausha nyama ya ng'ombe kwa hewa peke yake, bila moshi. Hewa ya juu ni baridi na kavu, na upepo haukomi. Mazingira hayo yanayomfanya mtu ajifunike hadi masikioni ndiyo yaliyowapa wenyeji ghala la nyama.

Mkate nao una historia ngumu. Ngano haipendi miinuko yenye baridi kali kama hii, ila rai, nafaka ya jamii yake, huvumilia. Kuni za kupasha tanuri zilikuwa kazi kubwa, hivyo vijiji vingi vya Valais vilikuwa na tanuri moja la wote na vilioka mara mbili au tatu tu kwa mwaka. Mkate ulikauka ukawa mgumu kama ubao. Huko Südtirol walipata dawa ya mkate uliokauka: huvunjwa, hulowekwa kwenye maziwa na mayai, huchanganywa na vipande vya speck, hufinyangwa kuwa matonge na kuchemshwa. Leo matonge hayo yako kwenye karibu kila mkahawa wa mlimani, na mimi nayahesabu kuwa chakula cha heshima kuliko vingi vinavyouzwa ghali pembeni yake.

Lakini si kila kinachoitwa cha asili ni cha kale. Fondue, jibini lililoyeyushwa kwenye chungu ambalo watu huchovya mkate, ilienea Uswisi nzima kuanzia miaka ya 1930 kwa kampeni ya umoja wa wauza jibini uliotaka soko. Tartiflette ya Savoie, yaani viazi, nyama ya nguruwe na jibini la Reblochon lililookwa juu, ilivumishwa miaka ya 1980 ili Reblochon iuzwe zaidi. Reblochon lenyewe, kinyume chake, ni la zamani kweli. Katika Zama za Kati wafugaji walilipa kodi kulingana na maziwa waliyokamua, basi mkaguzi alipokuja walikamua nusunusu. Akiondoka, walirudi kwa ng'ombe kukamua yaliyobaki, na hayo ya mwisho, yenye mafuta mengi, ndiyo yaliyotengenezewa Reblochon. Hata speck inahitaji uangalifu: sehemu kubwa ya ile inayouzwa madukani leo hutengenezwa Südtirol kwa nguruwe waliofugwa kwingine.

Kwa nini basi mashamba haya hayajafa, wakati watalii wa skii wanaleta fedha nyingi zaidi? Sababu mojawapo ni sheria. Südtirol ina utaratibu wa zamani, uliorejeshwa mwaka 1954, unaokataza shamba kugawanywa vipandevipande kwa warithi. Mmoja hulichukua zima na kuwalipa wengine fidia. Sababu nyingine ni ajira ya misimu miwili: mwenye ng'ombe majira ya joto huendesha lifti za skii au hufundisha wageni kuteleza majira ya baridi, na mkewe au mama yake hufungua sebule ya nyumba ya shamba kwa chakula cha jioni.

Sababu ya tatu ndiyo inayosahaulika, nami naona ni kubwa kuliko zote. Ng'ombe wanapokula majani, mteremko hubaki na nyasi fupi. Wakiondolewa, nyasi ndefu hulala chini na kuwa utelezi ambao theluji huporomoka juu yake, na baada ya miaka vichaka na miti hufunika uwanja. Mteleza skii anamhitaji ng'ombe hata asipokula jibini.

Ukibahatika kuketi kwenye meza hizo, uliza jibini lilitengenezwa mwezi gani. Beaufort hairuhusiwi kuuzwa kabla ya kukomaa miezi 5, kwa hiyo lile la Julai huwa tayari kuanzia Desemba, wageni wanapofika. Tazama na rangi: la majani mabichi huelekea umanjano, la ng'ombe waliolishwa nyasi kavu zizini huwa jeupe zaidi.