Elimu kwa umma: Kabla hujaomba kinyesi cha mpwa wako

Kijana mmoja alikuja dirishani kwetu maabara saa moja na nusu asubuhi, kashika kopo la Blue Band ndani ya mfuko wa kaki. Shikamoo dokta. Marahaba. (Mi sio daktari, ni mtu wa maabara, ila hilo nimeshachoka kulisahihisha.) Akasema humu kuna choo cha mpwa wangu, ana miaka sita, tangu azaliwe hajawahi kuumwa tumbo, naomba mkipime fasta kama kiko safi nikamuwekee mama, maana mama anaharisha hii wiki ya tatu na nimeona kwenye simu huko nje wanatibu hivyo.

Sikucheka. Alikuwa anampenda mama yake na alikuwa hajalala. Lakini ndio hivyo, tangu video zile zianze kuzunguka maswali ya namna hii yamekuwa mengi, na tulipokuwa tunajiandaa na wiki ya usugu wa dawa, ile ya kila mwaka tarehe 18 hadi 24 Novemba, tukaambiwa andikeni kitu watu wasome. Ndio hiki.

Kwanza, tiba ya kumwekea mgonjwa tumboni kinyesi cha mtu mwenye afya ipo kweli. Sio uchawi na sio wazungu kuishiwa cha kufanya. Mganga wa China aitwaye Ge Hong, karne ya 4 huko, aliandika kuhusu kuwanywesha kinyesi wagonjwa wa kuhara sana, na mwaka 1958 daktari Ben Eiseman kule Denver, Marekani, aliwaponya wagonjwa wanne wa utumbo kwa kuwapa enema (kuingiza kwa njia ya haja kubwa) ya kinyesi cha watu wenye afya. Kwa hiyo anayesema ni jambo la juzi la mitandaoni hajui, na anayesema inatibu kila kitu naye hajui, huyu wa pili ndiye anayetusumbua zaidi.

Ugonjwa ambao tiba hii imethibitika kwake ni mmoja. Unaletwa na bakteria anaitwa Clostridioides difficile, sisi tunamwita C. diff. Anakuja mara nyingi baada ya mtu kutumia antibayotiki, hasa klindamaisini, sipro, sindano za seftriaksoni na ndugu zake, yaani dawa inafyeka bakteria wote wema waliokuwa wanamzuia huyu, yeye anabaki na uwanja mtupu. Anatoa sumu, mtu anahara mara kumi kwa siku, homa, tumbo linauma, wengine utumbo mpana unavimba mpaka unatoboka. Dawa yake ipo, vankomaisini ya kumeza, tatizo huyu bakteria anajigeuza mbegu yenye gamba gumu ambayo dawa haiifanyi chochote, dozi ikiisha mbegu inaota tena. Takriban mtu 1 kati ya 5 anarudiwa. Na akisharudiwa mara ya kwanza, uwezekano wa kurudiwa tena unapanda, unakuta mtu mwaka mzima yuko chooni. (Mbegu hizo hizo hata ile jeli ya spiriti ya mikono haiziui, ni maji na sabuni tu, hili nawaambia manesi kila siku.)

Huyo wa kurudiwa ndiye mwenye tiba hii. Mwaka 2013 Waholanzi walitoa majibu ya utafiti wao: wagonjwa 16 waliwekewa kinyesi kilichochujwa kwa mpira unaopita puani mpaka utumbo mdogo, 13 wakapona kwa mara moja, 3 waliobaki wakarudiwa kuwekewa na 2 kati yao wakapona. Waliopewa vankomaisini peke yake walikuwa 13, wakapona 4. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu tofauti ilikuwa kubwa mno. Mimi hizo namba niliposoma mara ya kwanza nilizirudia mara mbili.

Sasa gesi. Tumbo kujaa, kiungulia, choo kigumu, "vidonda vya tumbo", unene, ngozi, msongo wa mawazo, vyote nimeulizwa. Mwezi Februari 2024 chama cha madaktari wa utumbo cha Marekani, AGA, kilitoa mwongozo: C. diff inayorudi, sawa. Ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, Crohn (uvimbe wa utumbo usioisha), na tumbo lile linalokorogeka bila sababu kuonekana, hapana, labda mtu awe ndani ya utafiti rasmi. Kwenye vidonda vya utumbo mpana kuna tafiti zimeonyesha nafuu kwa baadhi ya wagonjwa, sikatai, ila nafuu kwa baadhi sio ruhusa ya kuchukua blenda ya juisi jikoni. Na ndio, kuna watu wanatumia blenda. Hiyo blenda kesho inasaga parachichi.

Kinachonikera zaidi ni hili la "kinyesi cha mtoto ni kisafi". Kisafi kwa kuangalia? Mtoto hana dalili haina maana hana kitu. Minyoo, vimelea vya giardia na amiba, mbegu za C. diff zenyewe, watoto wanabeba vyote huku wanacheza mpira. Ngoja niwaeleze mchangiaji anavyochujwa kule Uingereza, muone kwa nini nilimnyima yule kijana kipimo chake cha fasta. Mchangiaji ni mtu mzima. Anaanza na maswali marefu: antibayotiki umetumia ndani ya miezi mitatu, umechora tatuu karibuni, uzito wako, tumbo lako, ukoo wako una saratani ya utumbo, umesafiri nchi za joto karibuni (kwa hiyo ndugu zetu walioko kule wakija kula Krismasi nyumbani, wakirudi wanakatwa). Akipita maswali anatolewa damu: virusi vya UKIMWI, homa ya ini zote, kaswende, mnyoo wa Strongyloides. Halafu choo chenyewe: salmonela, shigela, kampilobakta, C. diff, vimelea, H. pylori (bakteria wa vidonda vya tumbo), virusi vya kuharisha, na bakteria sugu wa kila aina. Wengi wanaoomba wanaishia hapo. Anayefaulu anachangia kwa wiki kadhaa, kila mara ndani ya masaa 6 choo kiwe kimeshachanganywa na maji ya chumvi na gliserini, kichujwe, kigandishwe nyuzi 80 chini ya sifuri, halafu hakitoki kwenye friji mpaka mchangiaji apimwe upya mwisho wa kipindi, majibu yakiwa mabaya vinatupwa vyote. Vyote kabisa, hata vile vya siku ya kwanza.

Unadhani ni urasimu. Mwaka 2019 Marekani wagonjwa wawili waliokuwa na kinga dhaifu walipata E. coli sugu kutoka kwenye kinyesi cha mchangiaji mmoja, mmoja wao akafariki. Mchangiaji alikuwa amepimwa mambo mengi tu, ila kile kinyesi kilichangwa kabla ya kipimo cha bakteria huyo kuongezwa kwenye orodha, na hakuna aliyerudi kukipima. Sasa wewe unaniletea kopo la siagi.

Kisheria kinyesi cha tiba ni dawa, watu hawaamini hili. Marekani mamlaka yao ya dawa, FDA, ilisajili Rebyota Novemba 2022, mililita 150 zinawekwa njia ya haja kubwa mara moja, na Aprili 2023 wakasajili Vowst, vidonge vinne kwa siku, siku tatu. Zote ni kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, tena ni za kuzuia C. diff isirudi baada ya mgonjwa kumaliza antibayotiki, sio za kuanzia. Uingereza mwongozo wa NICE, taasisi yao ya miongozo ya tiba, wa Agosti 2022 unasema apewe aliyewahi kuugua mara mbili au zaidi zilizothibitishwa, na anayetengeneza lazima awe na leseni ya kutengeneza dawa, asipokuwa nayo sheria yao ya dawa ya 2012 inampeleka jela hadi miaka 2, au faini, au vyote viwili.

Kwetu Tanzania dawa inapita TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na anayetaka kuifanyia watu utafiti anapeleka andiko lake kwanza NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa, kwenye kamati ya maadili, kisha TMDA kwa kibali cha majaribio, wagonjwa wasaini fomu kwa lugha wanayoielewa, madhara yakitokea yaripotiwe. Zanzibar wana taasisi zao, msichanganye. Kibali cha kituo cha afya sio kibali cha kufanya hili, na "nimesomea nje" pia sio kibali. Ukiona mtu anatangaza huduma hii kwenye simu, muulize namba ya usajili wa hiyo dawa. Akianza kukuelezea historia ya China, funga.

Wengine wanauliza kama ni najisi. Hilo mpelekee sheikh wako au padri, mimi naishia kwenye darubini.

Turudi kwa yule kijana. Nilimuuliza mama anatumia dawa gani. Sipro, dozi ya pili, na Flagyl, na katikati hapo vidonge vingine vya rangi mbili ambavyo jina halijui, vyote kutoka duka la dawa la mtaani, hakuna hata siku moja aliyopimwa. Nikamwambia mpeleke kwa daktari, peleka na maganda ya hizo dawa, daktari akiona haja atuandikie kipimo halafu mniletee choo cha mama, sio cha mpwa. Na kiwe cha kuhara, cha kumwagika, kinachochukua umbo la kikopo. Choo kilichoshikana hatupimi C. diff, tunakirudisha, kwa sababu mtu anaweza kuwa na huyo bakteria tumboni bila kuumwa naye, ukimpima utamtibu bure.

Walienda. Daktari akasimamisha dawa zote akampa maji ya chumvichumvi, akaandika kipimo. Baada ya siku nne kijana akarudi na kikopo sahihi, kimeandikwa jina na saa. Nikafungua: kimeshikana, umbo la ndizi. Mama alikuwa ameacha kuhara tangu juzi yake. Nikakataa kukipima, akashangaa kwamba safari hii ndio amefuata utaratibu wote na bado anakataliwa.

Lile kopo la kwanza lilikwenda na taka hatarishi kwenye tanuri, bila kufunguliwa. Aliuliza kama kopo linarudishwa. Halirudishwi.