Mzee hakuficha tabia, dawa ndiyo imemponza

Juzi tena. Binti wa mgonjwa kanivuta pembeni, kaninong'oneza: "Daktari, kumbe baba alikuwa mcheza kamari siku zote, uzee umemuumbua tu." Mzee ana miaka 63 na Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili. Hakuwahi kununua hata tiketi ya bahati nasibu mpaka nilipomwanzishia pramipeksoli. Mimi, kwa mkono wangu.

Dopamini ni kemikali ambayo ubongo huitumia kuendesha mwili na kutamani. Dawa zinazoiga dopamini, yaani pramipeksoli, ropiniroli na ndugu zao, hupenda sana vipokezi vya D3, vituo vya seli vinavyoipokea dopamini, ambavyo vimejaa kwenye sehemu ya ubongo inayohusika na kutamani. Kwa mgonjwa wa Parkinson, sehemu ya kuendesha mwili ndiyo iliyokaukiwa dopamini, ile ya tamaa mara nyingi bado ina akiba yake. Dozi inayomnyanyua kitini ndiyo hiyo hiyo inayofurika upande wa pili. Wengine hucheza kamari, wengine hununua vitu wasivyohitaji, hula usiku kucha au huwasumbua wake zao. Levodopa, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa dopamini, peke yake hufanya hivyo kwa nadra, ingawa wapo wanaoiongeza wenyewe kwa siri. Hilo ni balaa jingine.

Uchunguzi wa Marekani na Kanada wa 2010, wenye wagonjwa 3,090 wa Parkinson, uliyaona haya kwa asilimia 17.1 ya waliotumia dawa zinazoiga dopamini na asilimia 6.9 ya wasiozitumia.

Ndugu huniuliza: "Mbona jirani anazimeza na hachezi?" Hapa ndipo ninapochoka. Ndiyo, wenye umri mdogo zaidi, wavutaji sigara na wenye ndugu waliotekwa na kamari wako hatarini zaidi. Lakini kuwa hatarini si kuwa na tabia iliyofichwa! Kuna watu wasio na Parkinson kabisa, wanaotibiwa miguu isiyotulia usiku kwa dawa hizi, nao wananaswa. Na wagonjwa wa Parkinson ambao hawajaanza dawa yoyote hawawazidi watu wengine kwa tabia hizi. Sasa hiyo siri ilikuwa ya nani?

Tafadhali, msitupe vidonge chooni. Dawa hupunguzwa polepole, chini ya daktari. Ukizikata ghafla mwili unaganda, na mtu anaweza kupata wasiwasi, jasho na huzuni inayofanana na ya mtu aliyenyimwa kokeini.

Mimi huwaambia ndugu "tukipunguza itaisha" kwa uhakika nisiokuwa nao. Kwa wengi huisha. Wengine hawawezi kabisa kuziacha dawa, na sijapata njia ya kuwatambua mapema. Tena kwa miaka mingi niliuliza habari za mkono unaotetemeka, pesa sikuziuliza. Nani atajitolea kuniambia mwenyewe, mkewe akiwa ameketi pale?

Mzee tumempunguzia dozi kidogo, simu inalala kwa mkewe. Akirudi nitamwona peke yake kwanza. Nitaanza na kamari, mkono utasubiri.