Lile tundu la juu la soketi unalochokonoa na peni ndio ethi ya solda yako

Naanza na peni. Asubuhi fundi kafungua kibanda, kachukua plagi ya stesheni yake ya solda ambayo ina miguu miwili ya duara, soketi zetu za ukutani ni zile za matundu matatu bapa, plagi haiingii, basi anachukua peni au bisbisi anaizamisha tundu la juu, vile vifuniko vya matundu ya chini vinafunguka, anasukuma plagi ndani, anatoa peni, maisha yanaendelea. Wote tumefanya hivyo jamani, mimi mwenyewe nimefanya miaka kabla sijaanza kufundisha elektroniki hapa chuoni. Ila tundu lile halikuwekwa liwe ufunguo wa yale mengine mawili. Lile ni ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, na ukiangalia plagi halali ya miguu mitatu utaona ule mguu wa juu ni mrefu kuliko wenzake, umetengenezwa hivyo makusudi ili ethi ishike kwanza ndio moto (waya wenye umeme) uingie. Ukitumia peni, solda yako inafanya kazi siku nzima bila ethi, na inapasha vizuri tu, kwa hiyo huwezi kujua kama kuna tatizo.

Tatizo linaanza ukigusa bodi ya mteja.

Kuna vitu viwili hapa na watu wanavichanganya. Cha kwanza ni umeme tuli, ule unaojijenga mwilini ukinyanyuka kwenye kiti cha plastiki au ukivua sweta la nailoni, au ukibandua ile nailoni ya kioo kipya cha simu (hiyo ya kubandua nailoni ni mbaya kuliko watu wanavyofikiri). Mwili wa binadamu ndio kwanza unaanza kuusikia ukifika kama volti 3,000 hivi, ile unashika kitasa cha mlango inakutwanga "tap". Sasa mosfeti nyingi (zile swichi ndogo za elektroniki kwenye bodi) tunazofungua kila siku, pale kwenye geti lake, mguu unaoiwasha na kuizima, mwisho ni volti 20. Kwa hiyo unaweza ukaua kitu bila kusikia hata mchomo, wewe unaona umeshika tu bodi vizuri kwa kistaarabu.

Cha pili hakitoki mwilini kwako, kinatoka ukutani. Ndani ya stesheni kuna transfoma au pawa saplai, na hata ikiwa nzima kabisa kuna umeme kidogo unapenya kutoka upande wa volti 230 za ukutani kuja upande wa ncha, kwa sababu waya na waya zikikaa karibu zinafanya kazi kama kapasita, na pawa saplai nyingi za kisasa zina kapasita ndogo zilizowekwa hapo makusudi za kupunguza kelele. Kama ethi ipo, huo umeme unashuka ardhini na hakuna anayejua. Kama ethi haipo unabaki umeelea kwenye ncha. Darasani huwa nawaonyesha, nachukua stesheni ya bei rahisi nachomeka kwa ile staili ya peni, naweka mita kwenye AC volti, waya mmoja kwenye ncha mwingine kwenye ethi ya ukuta, mita inasoma 90, 100, saa nyingine 110. Wanafunzi wanarudi nyuma. Nawaambia hauwaui huo, mkondo wake ni mdogo sana, chini ya miliampu moja, ndio maana ukigusa kwa upande wa mkono unasikia kama unawashwawashwa tu. Lakini geti la volti 20 halijui habari za mkondo mdogo.

Kuna ndugu zangu wa Dar wananiambia mwalimu hayo ni mambo ya nchi za baridi, huku kuna unyevu umeme tuli haukai. Nusu wako sahihi, hewa yenye unyevu kweli inapunguza. Njoo Dodoma mwezi wa nane uone, au hata hapo hapo Dar kwenye duka lenye kiyoyozi kinachowaka kutwa nzima. Halafu hiyo ya pili, ya ncha kuelea na volti mia, haiangalii hali ya hewa, iwe masika iwe kiangazi ipo tu.

Kupima solda yako hakuhitaji mashine ya ajabu. Chomoa plagi ukutani kabisa, weka mita kwenye omu, kwanza gusanisha waya za mita zenyewe uone zinasoma ngapi maana mita za bei rahisi zinaweza kukupa 0.4 au 0.5 bure, hiyo utaitoa baadaye. Halafu waya mmoja kwenye ncha, sehemu safi iliyoshika risasi, mwingine kwenye mguu wa ethi wa plagi (kama yako bado ni ya miguu miwili, anza na kubadili plagi kama nilivyoeleza hapo chini). Solda nzuri mpya inatakiwa isome chini ya omu 2, na viwango vya kimataifa vya kazi hizi vinairuhusu ifike mpaka 10 ikiwa kazini, ikizidi hapo kuna kitu. Mara nyingi ni uchafu, ncha imeota kutu nyeusi pale inapokaa kwenye mpini, itoe ikiwa ya baridi uisafishe upime tena. Ikisoma OL, yaani hakuna njia kabisa, fungua boksi uangalie. Kwenye hizi stesheni za bei rahisi za kopi ya T12 nimekuta waya wa kijani na njano umefungwa vizuri kwenye bati la nyuma, lakini bati lenyewe limepakwa rangi au kemikali isiyopitisha umeme na ile soketi ya mpini haijaunganishwa na chochote. Ethi imeingia mlangoni ikakaa sebuleni. Dawa yake ni waya mmoja kutoka pini ya ethi mpaka kwenye mstari wa ethi wa mpini, kukwangua rangi, na washa (ile pete ya chuma ya chini ya skrubu) yenye meno.

Plagi kata uweke ya miguu mitatu, kahawia moto, bluu nyutro (waya wa kurudishia umeme), kijani na njano ethi, na fyuzi ya ndani weka ampea 3, hiyo 13 inayokuja nayo ni kubwa mno kwa solda ya wati 60 inayokula robo ampea tu. Usiniambie una adapta ya kila nchi, nyingi ya zile zinashika miguu miwili tu, ethi inabaki nje.

Basi umeweka plagi nzuri, na ukuta wenyewe je? Fremu nyingi za kupanga soketi ina tundu la ethi lakini nyuma yake hakuna waya, au waya upo na nondo ya ethi ilishang'olewa na wajenzi. Weka mita kwenye AC volti upime matundu ya soketi. Moto na nyutro zikisoma 230, moto na ethi nazo zinatakiwa zisome karibu hivyo hivyo, na nyutro na ethi volti chache tu. Ukikuta moto na ethi namba inacheza cheza 60, 80, 110, hapo ethi hakuna. Na hata ikisoma vizuri bado si uthibitisho kamili, mita haisumbui ethi ya kutosha kujua ubora wake, fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka inayosimamia nishati na maji) ana kipimo chake, mwite. Kitu kimoja naomba sana, usiunganishe ethi na nyutro nyuma ya soketi ili mita ikuridhishe. Siku nyutro ikikatika njiani, kila chuma kilichoungwa hapo kinapata moto, na ncha ya solda ikiwemo, na wewe umeishika.

Watu huuliza mbona ncha inaungwa ethi moja kwa moja halafu kamba ya mkononi, ile fundi anavaa kifundoni kuushusha umeme tuli wa mwili kwenye ethi, ina rezista ya megaomu 1. Kwa sababu mkononi upo wewe. Ukigusa moto wa 230 kwa bahati mbaya huku umefungwa ethi, ile rezista inaruhusu miliampu 0.23 tu, hausikii hata. Ikikatika rezista usiweke waya mtupu, nunua kamba nyingine.

Na ule mkeka wa bluu wa silikoni ambao karibu kila fundi simu anao, wengi wanadhani ni wa kuzuia umeme tuli. Ule ni wa kuzuia joto lisiunguze meza, na mingi haipitishi umeme kabisa kwa hiyo chaji haina pa kwenda. Mkeka wa kweli una kitufe cha kuunga waya wa ethi. Hata ile pampu ya plastiki ya kunyonyea risasi inajenga chaji kila ukiifyatua, tafuta iliyoandikwa ESD, yaani ya kuzuia umeme tuli.

Simu ikirudi baada ya wiki mbili inajizima yenyewe, inaweza kuwa aisii (IC, ile chipu ya kwenye bodi) ilijeruhiwa haikufa pale pale. Inaweza pia kuwa risasi yako haikushika, tusisingizie umeme tuli kila kitu.

Zile solda ndogo za chaja ya USB-C au ya pini ya duara nazo zinaelea, chaja nyingi ni za miguu miwili. TS100 na Pinecil zina skrubu ya ethi nyuma ya mpini, unga hapo waya laini mrefu ukaufunge kwenye ethi. Au tumia pawabenki ambayo haijachomekwa kwenye chaja, ile volti ya kuelea inayotoka ukutani inakosekana kabisa.

Ukishafunga ethi yako safi, badili na tabia moja, ile ya kusolda bodi ikiwa na betri. Ncha sasa ipo ardhini, na bodi yako ikiwa nayo imegusa ethi kupitia kompyuta au pawa saplai ya mezani, ukigusa laini ya volti umepiga shoti. Na pawa saplai ya tivii ikiwa imechomekwa ndio usijaribu kabisa, chomoa kwanza, halafu pima ile kapasita kubwa ya volti 400 mpaka ushuke karibu sifuri, ndio uchukue solda.