Bustani ya nyumbani Minnesota: yanayosemwa majira ya kuchipua, na ukweli wake

Aliyekulia kwenye masika hupanga shamba kwa kutazama mawingu. Minnesota, ambako Wakenya ni wengi hasa katika vitongoji vya Minneapolis, kinachotazamwa ni jalidi, ule umande wa barafu unaoganda juu ya majani usiku mmoja na asubuhi mche umekuwa mweusi. Dhana nyingi za bustani za huku huzaliwa hapo, mtu anapohamisha kalenda ya kwao bila kuipindua.

“Hewa imepata joto, tupande nyanya.” Aprili ya Minneapolis inaweza kufika nyuzi 25 za Selsiasi mchana, watu wakavaa fulana, kisha usiku ikashuka chini ya sifuri. Ndiyo maana wenyeji wengi hungoja hadi katikati ya Mei. Isitoshe, mbegu haikai hewani. Udongo hupata joto polepole sana baada ya theluji, na maharage yakifukiwa kwenye udongo wa baridi uliolowa huoza kabla ya kuchipua. Yanataka nyuzi 16 hivi. Bamia inataka zaidi ya hapo. Kipimajoto cha udongo ni bei ndogo: kichomeke kina cha vidole vitatu asubuhi, usome, uamue. Miche iliyokuzwa dirishani nayo isitolewe ghafla. Izoeshwe nje kwa siku 7 hadi 10, ikianza na saa chache za kivulini, ama sivyo jua na upepo vitaibabua.

“Basi kabla ya Mei hakuna kazi.” Ipo tele. Njegere, figili, saladi na spinachi huota udongo ukiwa bado baridi, na ukizichelewesha zitakutana na joto la Juni. Saladi hapo hurefuka, hutoa maua na kuwa chungu. Sukuma wiki ndiyo inayowashangaza wengi. Ikishakomaa huvumilia jalidi, tena baridi huifanya itengeneze sukari na kuwa tamu zaidi. Mchicha ni kinyume chake kabisa, mmea wa joto, usiuharakishe.

“Ramani ya kanda itaniambia lini nipande.” Haitakuambia. Ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, iliyohuishwa mwaka 2023, hugawa nchi kwa wastani wa baridi kali kabisa ya kila mwaka. Inakusaidia kujua kama waridi au mtufaha utamaliza majira ya baridi ukiwa hai. Kuhusu nyanya za mwaka mmoja haina la kusema.

“Mbegu za kwetu ndizo bora.” Hapa moyo huwa mbele ya akili, na naelewa. Lakini mbaazi nyingi za kienyeji husubiri siku fupi ndipo zitoe maua. Karibu na ikweta mchana ni saa 12 hivi mwaka mzima. Minneapolis, kwenye latitudo ya 45, mchana wa Juni hupita saa 15. Mbaazi itarefuka, itajaa majani ya kupendeza, na siku zikifupika vya kutosha jalidi nayo imeshakaribia. Mchicha hauna shida hiyo, kwa kuwa tunakula majani. Kumbuka pia kwamba mbegu za kubebwa kwenye begi huhitaji cheti cha afya ya mimea au kibali. Zisizo nacho huchukuliwa uwanja wa ndege.

Maua nayo yana visa vyake. Anayetaka tulipu Mei akaanza kutafuta vitunguu vyake (vile viungo vya chini ya ardhi vya kupandia, si vitunguu vya kula) Aprili amechelewa: hupandwa Septemba au Oktoba, kwa sababu vinahitaji wiki nyingi za baridi ardhini ndipo vichanue. Kwa majira haya panda zinia na alizeti, jalidi ikishapita.

“Marigoldi hufukuza wadudu wote.” Mizizi yake hupunguza minyoofundo, minyoo midogo mno inayotia mizizi mafundo, udongoni, hasa ikipandwa kwa wingi eneo zima kwa msimu mzima. Mstari mmoja pembeni ya tuta ni pambo. Pambo zuri, lakini vidukari havisomi alama hiyo.

“Nyanya zimeoza kitako, ongeza maganda ya mayai.” Mara nyingi kalsiamu imo udongoni, kinachokosekana ni maji ya kuifikisha kwenye tunda. Mwagilia kwa utaratibu, weka matandazo, na usizidishe mbolea ya naitrojeni. Maganda huchukua muda mrefu sana kuoza hata hivyo.

“Maboga yangu yanaangusha maua, yamerogwa.” Maua ya kwanza huwa madume, na kudondoka ndiyo kawaida yake. Ua jike lina kiboga kidogo nyuma yake. Hicho nacho kikinyauka, huenda nyuki hawajafika: chuma ua dume asubuhi, litoe petali, uguse nalo katikati ya jike kabla halijajifunga, maana kufikia mchana huwa limefumba.