Kahawa yenyewe haina neno: angalia moto wake, sukari yake na saa unayoinywa

Mtu akipimwa akakutwa na presha, ushauri wa kwanza anaoupata mtaani ni kuacha kahawa. Chumvi ya kwenye nyama choma haiguswi, uzito haujadiliwi, soda ya kila mchana inaendelea kama kawaida, lakini kikombe cha kahawa kinabebeshwa lawama zote. Wapo pia wanaoinadi kahawa kama dawa: inaongeza nguvu za kiume, inayeyusha kitambi, inamlevua mlevi. Sisi wa lishe tunaulizwa maswali ya pande zote mbili, na jibu letu ni lilelile. Kwa mtu mzima mwenye afya, kahawa ya kiasi haina madhara ya kuogopesha, na ushahidi uliopo unaonyesha inaambatana na faida kadhaa. Kinacholeta shida mara nyingi ni namna tunavyoinywa.

Tuanze na ushahidi. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha mapitio yaliyoongozwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza. Walikusanya chambuzi 201 zilizokwishafanywa kuhusu kahawa na afya, wakaziweka pamoja. Wanywaji wa vikombe 3 hadi 4 kwa siku walionekana na hatari ndogo zaidi ya kufa kuliko wasiokunywa kabisa, tofauti ya asilimia 17 hivi. Ini ndilo lililoonekana kunufaika sana: wanywaji walipatwa kwa uchache na ugonjwa wa ini kusinyaa na saratani ya ini. Kisukari cha aina ya pili nacho kilikuwa kichache kwao, na vivyo hivyo ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson. Kupita vikombe hivyo hakukuongeza faida.

Hapo kuna tahadhari ambayo wauzaji wa "kahawa tiba" mitandaoni hawaisemi. Tafiti nyingi za namna hii huwafuatilia watu kwa miaka na kuhesabu nani kaugua na nani hajaugua. Hakuna aliyewagawa watu mafungu mawili akalazimisha fungu moja linywe kahawa miaka 20 na jingine liitazame tu. Mgonjwa wa tumbo au wa moyo mara nyingi huacha kahawa mwenyewe, kwa hiyo kundi la "wasiokunywa" linaweza kuwa limebeba wagonjwa wengi tangu mwanzo. Ndiyo maana simshauri mtu asiyeipenda kahawa aanze kuinywa kwa ajili ya ini lake. Anayeipenda, namwambia aendelee kwa kiasi.

Kafeini, kemikali ya kwenye kahawa inayochangamsha, ndiyo inayosifiwa zaidi, na kazi yake inaeleweka. Mwili unapochoka, ubongo hujaa kemikali iitwayo adenosini, inayoleta usingizi inapotua kwenye kiti chake. Kafeini inawahi na kukaa kwenye kiti hicho, adenosini ikifika inakuta kimeshakaliwa. Uchovu haujaondoka, ila taarifa yake haifiki. Lakini si faida zote zinazotoka kwenye kafeini. Hata kahawa iliyoondolewa kafeini imehusishwa na kupungua kwa kisukari, na wataalamu wengi wanaelekeza macho kwenye asidi ya klorojeni, mojawapo ya kemikali nyingi zilizomo ndani ya buni.

Moto

Hili ndilo ninalotaka tulikalie kidogo, kwa sababu linatuhusu sisi wa ukanda huu kuliko wengine.

Mwaka 1991 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani, ulio chini ya Shirika la Afya Duniani, uliiweka kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani ya kibofu. Miaka 25 baadaye, mwaka 2016, wataalamu wake waliupitia upya ushahidi wakaiondoa humo. Katika kikao hichohicho walisema jambo jingine ambalo halikusikika sana huku kwetu: kinywaji chochote kinachonywewa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65, kiwe chai, kahawa au maji matupu, kuna uwezekano mkubwa kinachangia saratani ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni.

Saratani hiyo ina ukanda wake Afrika. Unaanzia Ethiopia, unapita Kenya, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Visababishi ni vingi, pombe na tumbaku vikiwamo, na utafiti unaendelea. Lakini mkoani Kilimanjaro watafiti walikwenda na kipimajoto, wakapima chai watu walipoanza kuinywa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: kwa wastani watu walianza kupiga funda chai ikiwa na nyuzi 70 hivi. Mkoa huohuo unaolima kahawa nzuri kabisa, watu wake wanakunywa vinywaji vya moto kupita kiwango cha hatari.

Sasa fikiria kijiweni. Dele liko juu ya jiko la mkaa tangu alasiri, kahawa inamiminwa moja kwa moja kwenye kikombe, na mteja anaivuta kwa kelele, nusu kahawa nusu hewa, ili ulimi usiungue. Wapo wanaojisifu kuwa koo zao zimezoea. Koo halizoei, linachubuka na kupona, linachubuka na kupona, na hiyo kazi ya kujikarabati kila siku ndiyo inayotutia wasiwasi. Ukilazimika kuvuta na hewa, kahawa bado ni ya moto mno. Iache kidogo. Kikombe kidogo cha kauri kinapoa upesi, dakika chache zinatosha, na mazungumzo ya kijiweni hayajawahi kuisha kwa dakika chache.

Kiasi ni kiasi gani?

Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 za kafeini kwa siku bila wasiwasi, na isizidi 200 kwa mkupuo mmoja. Kikombe cha mililita 200 cha kahawa iliyochujwa kina kama miligramu 90. Hesabu inakuja kwenye vikombe vinne hivi.

Tatizo ni kwamba kikombe chetu si hicho. Kikombe cha kijiweni ni kidogo, vitatu au vinne ndivyo vinavyokaribia kikombe kimoja cha chai cha nyumbani. Ila kilichomo ni kikali, na ukali wenyewe hutofautiana kati ya muuzaji na muuzaji. Aina ya buni nayo ina neno lake: robusta inayolimwa Kagera ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro, Mbeya au Mbinga. Na anayetafuna buni za Kihaya asijihesabu kuwa hajanywa kahawa, kafeini imo mlemle. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina takribani miligramu 80, juu yake sukari. Kwa hiyo pamoja na kuhesabu vikombe, usikilize mwili. Mikono ikitetemeka, moyo ukienda mbio, kiungulia kikipanda au usingizi ukiruka, umevuka kiasi chako, hata kama jirani yako anakunywa mara mbili yako na kukoroma.

Kuhusu usingizi, kafeini hukaa mwilini muda mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kwa wastani inachukua saa 5 hivi kupungua kwa nusu. Uliyokunywa saa 12 jioni, nusu ya kafeini yake bado unayo saa 5 usiku. Kwa bahati mbaya vijiwe vyetu huchangamka jioni, baada ya kazi na baada ya swala. Mwenye tatizo la usingizi ahamishie kahawa yake asubuhi kabla hajaanza kutafuta vidonge. Na dereva wa basi la usiku akumbuke tuliyosema juu ya kile kiti: kahawa inachelewesha taarifa ya uchovu, deni la usingizi liko palepale.

Sukari, chakula na dawa

Wazee wa pwani waliinywa kahawa chungu bila sukari, utamu ukatoka kwenye tende au kipande cha halua au kashata. Ni mtindo mzuri kama kipande ni kimoja. Leo nawaona vijana wakitia vijiko vitatu kwenye kikombe cha asubuhi, vitatu cha saa nne na vitatu cha jioni. Hivyo ni vijiko tisa, gramu 36 hivi, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni vyema sukari ya kuongezwa isizidi takribani gramu 25 kwa siku nzima. Ukinywa kahawa hivyo kwa nia ya kujikinga na kisukari, umeshajipiga chenga mwenyewe.

Kahawa ya kuchemsha, inayoachwa machicha yatulie chini ya dele, ina mafuta ya asili ya buni yanayoweza kupandisha lehemu mbaya, yaani kolesteroli, kwenye damu. Karatasi ya kuchujia huyanasa mafuta hayo. Mwenye lehemu ya juu achague ya kuchujwa au ya unga inayokorogwa kwenye maji moto.

Wanawake wanisikilize hapa. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu nchini Tanzania zimeonyesha kuwa zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Kahawa, na chai vilevile, hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, dengu na mchicha. Usinywe pamoja na mlo. Ipishe walau saa moja. Vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki vimeze kwa maji au juisi ya machungwa. Mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, chai na soda ya kola zikiwamo kwenye hesabu, kwa sababu mwili wake huiondoa kafeini polepole sana na kafeini nyingi imehusishwa na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Watoto wadogo hawana sababu ya kupewa kahawa.

Turudi kwa mwenye presha. Kahawa huipandisha kwa muda, hasa kwa asiyeizoea. Kwa mnywaji wa kila siku mwili huzoea kwa kiasi kikubwa. Muhimu ni kutokunywa ndani ya nusu saa kabla ya kupimwa, la sivyo utaandikiwa namba ya kahawa badala ya namba yako. Mwenye presha ya juu sana au mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio aongee na daktari wake kwanza. Anayemeza dawa ya tezi la shingo, levothairoksini, aimeze kwa maji na asubiri kati ya nusu saa na saa moja kabla ya kahawa, vinginevyo dawa haifyonzwi ipasavyo.

Mengine nayapitia haraka. Kahawa ya kiasi haikaushi maji mwilini kwa aliyeizoea. Haiondoi pombe kwenye damu. Ini linafanya kazi hiyo kwa mwendo wake, na mlevi aliyekunywa kahawa ni mlevi aliye macho. Nguvu za kiume hazina ushahidi wa kutosha, ingawa presha isiyotibiwa, kisukari na sigara tunajua zinavyozimaliza.

Ukiamua kupunguza, usikate ghafla. Kichwa huanza kuuma ndani ya siku moja na kinaweza kuendelea zaidi ya wiki, pamoja na uchovu na hasira. Wanaofunga Ramadhani wanayajua maumivu hayo ya siku za mwanzo, na wengi huyadhania ni njaa. Wiki moja au mbili kabla ya mwezi kuandama, punguza kikombe cha asubuhi kwa nusu, kisha kiache, ubaki na cha jioni peke yake.