Begi dogo na msafiri mkimya: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mtu mkimya huogopa watu, hivyo hata safari humtisha.

Ukweli: Woga ni jambo jingine. Mwanasaikolojia Carl Jung, aliyelieneza wazo la mtu mkimya (kwa Kiingereza "introvert") kwa kitabu chake cha mwaka 1921, alimweleza mtu wa aina hiyo kuwa ni yule ambaye fikira zake huelekea ndani ya nafsi. Mtu huyo anaweza kuzungumza vizuri na abiria jirani hadi Voi. Ila mazungumzo mengi humchosha mapema, na ndiyo maana anastahili kuepushwa yale yasiyo ya lazima.

Dhana: Begi kubwa humfanya ajitegemee, kwa kuwa hatalazimika kumwomba mtu chochote.

Ukweli: Hapa ndipo wengi hupotea, kwani mzigo mkubwa ndio unaoleta maneno. Ukishuka na sanduku zito katika kituo cha mabasi cha Machakos jijini Nairobi, wachukuzi watakuzunguka, makanga atataka nauli ya mzigo, kisha mtabishana kuhusu nafasi ndani ya buti. Mwenye begi moja la mgongoni hulipakata na kuketi. Vivyo hivyo katika stesheni ya Syokimau, ambako treni ya Mombasa ilianza kubeba abiria mwaka 2017: mizigo hupangwa mstari ili mbwa wa usalama wainuse, halafu hupitishwa kwenye mashine, na mwenye mizigo mitatu huinua na kutua mara nyingi huku foleni ikimsubiri.

Dhana: Kwa kuwa Nairobi huwa na baridi mwezi wa Julai ilhali Mombasa kuna joto, ni lazima kubeba nguo za aina mbili.

Ukweli: Sweta na viatu vizito huvaliwa siku ya kuondoka, havipakiwi. Leso (kanga) moja, ambayo kwa maoni yangu inashinda kifaa chochote cha safari kinachouzwa madukani, hutumika kama shuka, taulo na mto, na ukijifunika usoni, jirani ataelewa kwamba unapumzika.

Dhana: Kufungasha usiku wa mwisho hupunguza wasiwasi.

Ukweli: Huuongeza. Kitambulisho, tiketi na dawa viwekwe mfuko mmoja mapema.

Dhana: Kwa ndege, ni shwari zaidi kukabidhi kila kitu kaunta.

Ukweli: Betri ya akiba ya kuchajia simu hairuhusiwi katika mizigo inayokabidhiwa, na ikigunduliwa huenda ukaitwa kutoa maelezo, jambo linaloudhi sana anayetafuta utulivu. Ibebe mkononi. Katika safari za kimataifa, vimiminika vya mkononi kwa kawaida viwe katika chupa zisizozidi mililita 100. Nguo zitenganishwe kwa vifuko vya kitambaa, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017.