Msiisingizie Kiswahili hiyo -s

Wiki iliyopita, kwenye semina ya walimu wa Kiingereza, mwenzetu mmoja alisimama na daftari la mwanafunzi wa Kidato cha Pili. Wino mwekundu ulikuwa umelitapakaa kama mtoto mwenye surua. Akasoma: "My mother go to market every day. She sell tomato." Akalifunga. "Ndugu walimu, mnajionea wenyewe. Watoto hawa wanafikiri kwa Kiswahili." Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kukubali. Nikanyoosha mkono, mwenyekiti akatazama saa, chai ikaingia. Basi nayasemea hapa.

Kilichokosekana ni -s ya "goes" na "sells", ile inayobandikwa kwenye kitenzi cha wakati uliopo mtenda akiwa he, she au it. Irudishe hiyo sentensi kwenye Kiswahili. Mama yangu anaenda sokoni. Kitazame kitenzi: a-na-enda. Hiyo a- ndiyo inayotaja nafsi ya tatu umoja, na mtoto wa miaka mitatu hakosei hapo. Mtu aliyezoea lugha ambayo kila kitenzi kinabeba alama ya mtenda, iweje akifika kwenye Kiingereza aitupe alama moja pekee iliyobaki, halafu tuseme ametafsiri? Angetafsiri kweli, angezidisha. Na wapo wanaozidisha: "My mother she go." Hapo sawa, naona kivuli cha a-.

Najua kuna mjuzi ameshaanza kuandika: "Madam, na hu- je? Mama huenda sokoni kila siku, nafsi iko wapi?" Ni hoja nzuri kuliko zote nilizosikia kwenye semina ile. Kweli hu- haibadiliki, uwe mimi, wewe au wao. Ila wasikilize wanafunzi wako wakati wa mapumziko. Nani anasema "huenda"? Wanasema anaenda kila siku, na wale wa Kanda ya Ziwa wanasema anaendaga. Nafsi iko palepale.

Sasa twende New York. Mwaka 1974 Heidi Dulay na Marina Burt walichapisha utafiti wa watoto waliokuwa wakijifunza Kiingereza, 60 wazungumzaji wa Kihispania na 55 wa Kichina. Kihispania kinanyambua vitenzi kwa nafsi hadi basi. Kichina hakinyambui kabisa. Kama lugha ya kwanza ndiyo inayoamua, makundi haya mawili yangeachana njia mapema. Hayakuachana. Mpangilio wa kuvipata viambishi vya Kiingereza ulikaribia kufanana, -ing mapema, -s ya nafsi ya tatu mkiani. Mwanasaikolojia Roger Brown naye, mwaka 1973, aliona kwa watoto watatu wa Kimarekani, ambao lugha yao ya kwanza ni hicho hicho Kiingereza, kwamba -s hii haiwahi. Hao walikuwa wakifikiri kwa Kiswahili cha wapi?

Habari ya Corder na makosa (1967), Selinker na lugha-kati (1972), mlisoma chuoni, sirudii. Kwa kifupi, mwanafunzi ana mfumo wake, ndiyo hiyo lugha-kati, unakua, si Kiswahili na si Kiingereza. Tuendelee.

Kwa nini -s inachelewa? Kwanza haina kazi. "My mother" imeshasema ni mmoja na ni nani, -s inakuja kupiga mhuri barua iliyokwisha kufika. Pili haisikiki: "she sells sugar", nionyeshe s ya kwanza inaishia wapi. Tatu, na hapa namfuata Manfred Pienemann, mtafiti wa hatua za kujifunza lugha ya pili, inabidi ubongo ubebe taarifa kutoka kwenye kiima uifikishe kwenye kitenzi huku mdomo tayari unaongea. Hatua hiyo, anasema, huwezi kuirukisha kwa kufundisha mapema.

Mimi hapo ndipo ninapokwama, tena miaka mingi. Nafundisha -s Kidato cha Kwanza. Nawapa mazoezi ya kujaza nafasi, "She ____ to school", darasa zima linapata. Kengele inalia, anakuja mmoja mbio: "Madam, monitor say you call me." Mtaalamu wa ujifunzaji lugha, Krashen, atasema amejifunza kanuni ila hajaipata lugha, na viwili hivyo havikutani. Wengine watasema ni mazoezi tu, kanuni ikirudiwa inageuka mazoea. Nimeshuhudia watoto wanaomthibitisha wa kwanza na watoto wanaowathibitisha wa pili, mara nyingine dawati moja. Kwa hiyo ukinikuta bado nafundisha -s Kidato cha Kwanza, usinicheke. Mtihani haumsubiri Pienemann.

Ila sijasema Kiswahili hakina mkono kabisa. Huo nao ni uvivu, wa upande wa pili. Mtoto akimwita mama yake "he", hiyo ni yeye yetu isiyojua mume wala mke. "Go to market" bila "the", hapo pia naishuku lugha yetu, maana Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo, na tafiti zilizofuata kwa Wajapani, ambao nao hawana, zilionyesha vibainishi vikichelewa kuliko mpangilio wa 1974 ulivyodai. Kwa maneno mengine Dulay na Burt waliivuta kamba kupita kiasi. "The book is in the table"? Mezani. Hiyo -ni inabeba ndani, juu na kando kwa pamoja, mtoto atajuaje?

Kwa hiyo kila kosa lina mashtaka yake. Chukua "she sell tomato". Nyanya moja, nyanya kumi, neno halitikisiki. Huenda Kiswahili kina kesi ya kujibu. Lakini usihukumu kwa nyanya. Tafuta nomino inayobadilika, kitabu na vitabu, uone anaandikaje. Akiandika "two books" vizuri lakini "two tomato", mshike Kiswahili. Akikosea zote, mwachie.

Ninachokasirikia ni kinachofuata baada ya "wanafikiri kwa Kiswahili". Kinachofuata ni karatasi mlangoni, NO ENGLISH NO SERVICE, na mtoto mwenye homa anasimama nje ya ofisi ya walimu akitafuta neno la homa. Mtafiti Merrill Swain alishatuambia mwaka 1985 kwamba kusikia hakutoshi, lazima mtoto aizalishe lugha. Aliyenyamaza hazalishi kitu.

Wino mwekundu pia nina mashaka nao. Watafiti Lyster na Ranta, mwaka 1997, waliona kwamba mwalimu anaporudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooka, mara nyingi mtoto hata hashtuki. Siku hizi namuuliza tu, "Monitor what?", nasubiri. Madaftarini lakini bado napaka wino, maana mthibiti ubora akikuta kurasa safi atauliza nilikuwa wapi.

Wakati wa chai nililiazima lile daftari. Ukurasa wa nne: "My brother have many book." Ukurasa wa tisa, katikati ya wekundu wote: "She wakes me at five." Nilimuuliza mwalimu kama msichana huyo aliinakili mahali. Alikuwa hajaiona.